Aliniuliza Kama Gari Limezimwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha Polisi, Kaunti Ndogo ya Msambweni, Kwale
Tarehe na saa: Jumatatu, 10 Februari 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi
Jina la shahidi: Masudi Tsuma Mwinga
Umri: Miaka 71
Kazi: Mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: Munje, Msambweni
Aliyeandika: Sajini Jumwa Nzai

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa hiari yangu. Sikuitwa wala sikuletwa na mtu. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu nikaja kwa miguu, kwa kuwa gari langu linashikiliwa hapa kituoni kama kielelezo.

Yapo maelezo yangu mengine, mafupi, yaliyoandikwa uani kwangu Jumamosi tarehe 8 Februari. Katika maelezo hayo niliulizwa kama nilimruhusu Japheth Chome kuingia garini mwangu, nami nikajibu kwamba sikumbuki. Nimekuja kuyasahihisha. Nimeelezwa na Sajini kwamba Japheth Chome atapelekwa mahakamani Kwale leo saa tano kwa kosa la kuchukua gari bila idhini ya mwenyewe na kumjeruhi mtu. Mwenye gari ni mimi. Aliyejeruhiwa ni dada yangu, Mwanaima Tsuma, mwenye umri wa miaka 61, ambaye yumo katika wadi ya wanawake akisubiri kupasuliwa nyonga.

Naomba nianze na gari lenyewe, kwa sababu bila ya kulieleza gari, jambo lililotokea halieleweki.

Kwa muda wa miaka ishirini na miwili niliendesha pikapu ya gia za mkono. Mwaka jana mke wangu, Bi Twaiba, alianza kutibiwa macho Mombasa, mara mbili kwa mwezi, na pikapu ilikuwa ikimtikisa mno. Nikatafuta gari dogo la saluni. Nilimwendea Japheth Chome, fundi wa umeme wa magari mwenye banda lake Ukunda. Ni Mduruma wa upande wa Kinango, kijana wa miaka 29 au 30. Nilimjua kwa kazi yake tu. Aliniambia kwamba kwa safari zangu gari la haibridi lingenifaa, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Nilimpinga. Nilimwambia betri ikifa nitakuwa nimenunua kabati. Akacheka, akasema, "Mwalimu, tutalipima kabati kabla hujalinunua."

Tarehe 19 Novemba 2024 tulivuka feri ya Likoni pamoja. Katika yadi ya kwanza alipima betri ya gari moja kwa kifaa chake akanivuta kando na kuniambia tuondoke. Muuzaji alimwita mharibifu wa biashara. Katika yadi ya pili alipima magari mawili akakataa moja. La pili ndilo nililolinunua: saluni ya rangi ya fedha, lililotumika Japani kwa miaka saba. Nataka ieleweke kwamba kijana huyu hakuniuzia gari bovu. Gari halina kasoro. Kutoka Munje hadi feri na kurudi lilitumia chini ya nusu ya petroli iliyokuwa ikimezwa na pikapu. Bi Twaiba alilala usingizi njiani kwa mara ya kwanza.

Lakini gari hilo lina tabia zake. Unapobonyeza kitufe cha kuliwasha halitoi mlio wowote. Kwenye dashibodi huwaka taa ndogo ya kijani ya kukujulisha kwamba gari li tayari kwenda, basi. Likiwa polepole huenda kwa umeme mtupu, nawe husikii isipokuwa mchanga ukisagika chini ya magurudumu. Mbuzi wa Munje hawakuwa wakiondoka njiani lilipokuja. Tena lina sauti ya mwanamke inayosema Kijapani kila unapolianzisha, na kengele inayolia kwa mambo mengi: mlango ukiwa wazi, mkanda usipofungwa, ufunguo ukitolewa nje. Nyumbani kwangu walimwita mwanamke huyo Bi Mkubwa. Wajukuu walikuwa wakimwitikia. Mimi nilizoea kutomsikiliza, na kengele vilevile.

Siku niliyonunua gari hilo, Japheth alinisimamisha uani akanifundisha namna ya kulizima. Alisema mambo matatu: kwanza nirudishe gia kwenye herufi P, pili nibonyeze kitufe, tatu niitazame ile taa ya kijani hadi izimike. Aliniambia watu waliozoea magari ya zamani husahau, kwa sababu wanasubiri masikio yawaambie. Kisha akanitaka niyarudie mambo hayo matatu mbele yake. Niliyarudia. Sikupendezwa. Nimefundisha miaka thelathini na minne na sijawahi kusimamishwa niseme somo kwa mtu wa umri ule.

Kuhusu pikapu, desturi yangu ilikuwa kuiegesha nikiiacha ndani ya gia, kisha navuta breki ya mkono. Ndivyo tulivyofundishwa zamani. Katika gari jipya, breki ya kuegesha ni kikanyagio kilicho mbali upande wa mguu wa kushoto. Ukikikanyaga mara moja gari linafungwa, ukikikanyaga tena linafunguka.

Kwetu, gari jipya halianzi kushika njia kabla ya kusomewa dua. Mimi nilikawia kufanya hivyo kwa sababu ya safari za hospitali. Dada yangu Mwanaima, ambaye ni mjane na anaishi katika nyumba iliyo nyuma ya yangu ndani ya ua mmoja, hakuridhika. Aliniambia mara nyingi kwamba kitu kinachotembea bila sauti kisiachwe bila ya kusomewa. Tukaiweka shughuli Jumamosi tarehe 8 Februari, saa nne asubuhi. Nilimwalika Ustadh Mbwana, majirani kumi na wawili na jamaa wa nyumbani. Nilimwalika na Japheth Chome pia. Yeye ni Mkristo, lakini nilimwalika kwa sababu yeye ndiye aliyenichagulia gari. Alikuja mapema, akaniamkia, akasaidia kutandika mikeka. Nalitaja hilo kwa sababu imesemwa kwamba alijileta.

Saa nne kasoro dakika tano nililitoa gari kutoka bandani nikalileta katikati ya ua, likielekea ukuta wa jiko. Kati ya gari na ukuta palikuwa na nafasi ya hatua tano. Wageni walikuwa wameketi upande wa kulia. Nilipofika hapo nilisimama, nikakanyaga breki ya kuegesha kwa mguu wa kushoto. Gari likawa kimya. Nikafungua mlango, nikashuka. Kengele ililia. Niliisikia.

Hapa Sajini aliniuliza gia niliiacha wapi. Niliiacha kwenye herufi D, ya kwenda mbele.

Sajini aliniuliza kama nilibonyeza kitufe cha kuzima. Sikukibonyeza.

Sajini aliniuliza kama nilikuwa najua, wakati ule, kwamba gari halijazimwa. Kisha kabla sijajibu aliweka kalamu chini, akaniambia kwamba jibu langu linaweza kutumiwa dhidi yangu, na kwamba ninayo haki ya kunyamaza au kumwita wakili. Alisema, "Mzee, ulikuja hapa kama shahidi. Fikiri kwanza." Nilimshukuru. Nilimwambia nimefikiri tangu juzi, na kwamba aandike.

Jibu langu ni hili. Nilipokuwa nashuka niliiona taa ya kijani. Ilikuwa ikiwaka. Mguu wangu mmoja ulikuwa umekwisha kukanyaga mchanga. Ustadh Mbwana alikuwa amesimama, na kwa kuwa yeye amesimama, watu wote walikuwa wamesimama kunipokea. Niliona kwamba nikirudi kuinama ndani na kupapasa vitufe, wageni watasema Mwalimu Masudi amenunua kitu asichokiweza. Nikajiambia kwamba gari limefungwa breki na halina mlio, basi hiyo taa itajizimia yenyewe. Nikaufunga mlango. Kengele ikawa haisikiki tena nje.

Dua ilisomwa kwa muda wa dakika kumi hivi. Baada ya hapo Mwanaima alilizungushia gari chetezo cha udi, naye Ustadh akinyunyiza marashi magurudumuni. Aliyezungumza zaidi alikuwa jirani yangu Fondo, ambaye hupenda mizaha. Alimwambia Ustadh asisahau kumsomea na yule mwanamke wa Kijapani asije akasilimu bila shahidi. Watu walicheka. Ustadh naye alicheka, kisha akasema angependa boneti ifunguliwe ili ainyunyizie mashine.

Mimi sijui kishikio cha boneti kiko wapi. Nilimwashiria Japheth.

Naomba hapa paandikwe kama nitakavyosema, bila kufupishwa. Japheth hakwenda moja kwa moja garini. Alikuja hadi nilipokuwa nimesimama, akainamisha kichwa karibu na sikio langu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, gari limezimwa?"

Nilimjibu, "Limezimwa. Utanisomesha mbele ya wageni? Ingia ufungue."

Akasema, "Samahani, Mwalimu." Akaenda.

Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa, na hakuna mtu mwingine aliyeyasikia. Aliuliza kwa sauti ya chini ili asiniaibishe. Angeuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu asiye na adabu, leo angekuwa na mashahidi kumi na wawili.

Mwanaima wakati huo alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, karibu na ukuta wa jiko, akiongeza makaa kwenye chetezo. Alikuwa amelipa gari mgongo. Japheth alifungua mlango wa dereva, kengele ikalia kama kawaida yake mlango ukiwa wazi, akaketi, akainama chini ya usukani upande wa kulia kukitafuta kishikio cha boneti. Kichwa chake sikukiona tena. Nadhani aliuegemeza mguu wake wa kushoto kwenye kikanyagio cha breki ya kuegesha ili apate nguvu ya kuinama, kwa maana nilisikia mlio mdogo wa breki kuachia. Gari likaondoka.

Halikuondoka kwa kasi. Lilikwenda kama mtu anayenyata. Wageni walikuwa bado wakicheka maneno ya Fondo. Niliona gari linakwenda. Halafu nilimwita dada yangu kwa jina. Aligeuza uso kunitazama mimi, hakulitazama gari, kwa sababu hakuna alichokisikia upande ule. Gari lilimsukuma hadi ukutani likambana kiunoni. Japheth aliinua kichwa, akakanyaga breki, akalirudisha gari nyuma, akalizima, akatoka mbio. Yote hayo hayakuzidi sekunde nane.

Makaa yalikuwa yamemwagika miguuni mwa Mwanaima. Japheth aliyaondoa kwa mikono mitupu. Nimeelezwa kwamba viganja vyake vimefungwa bendeji hapa kituoni.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la Fondo. Saa tano na nusu nilirudi nyumbani kumchukulia nguo. Nilimkuta mpwa wangu Feisal, mtoto wa pekee wa Mwanaima, amefika kutoka Galu anakofanya kazi hotelini, angali na sare yake. Alikuwa amekwisha kuita polisi. Alikuwa amemshika Japheth ukosi wa shati na kumwambia mbele ya watu kwamba fundi aliyezoea kuchezea magari ya watu leo amemchezea mama yake. Baadhi ya wageni walisema kafiri alitafuta nini ndani ya gari linalosomewa. Maneno hayo yalisemwa uani kwangu, mbele ya mtu niliyemwalika, nami sikumkemea aliyeyasema.

Polisi wawili walifika saa sita kamili. Japheth aliwaeleza kwamba mimi ndiye niliyemtuma na kwamba aliniuliza kama gari limezimwa. Watu wote wakanigeukia. Konstebo aliniuliza kwa heshima, "Mzee, ni kweli ulimruhusu?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Nilikumbuka.

Japheth alikuwa karibu nami. Alinitazama tu, kisha akatoa mikono yake iliyoungua akafungwa pingu. Feisal alinishika bega akaniambia, "Hayo yanatosha, Mjomba. Wewe usiseme zaidi. Neno lako halina mtu wa kulipinga." Alisema kweli. Munje nzima nimewasomesha wao au wazazi wao.

Jana, Jumapili, saa tisa alasiri, mke wa Japheth aitwaye Judy alifika nyumbani kwangu. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia, nikamkaribisha kiti, hakuketi. Alisema, "Sikuja kukubembeleza, Mwalimu, wala sikuja kukugombeza. Nataka kujua jambo moja tu. Aliuliza au hakuuliza?" Nilimwambia jambo hilo liko mikononi mwa polisi. Akasema, "Polisi hawakuwapo." Nilimwambia aende nyumbani. Akaenda. Bi Twaiba alikuwa barazani na aliyasikia yote. Macho yake hayaoni vizuri bado, lakini aligeuka akaniangalia, kisha akaingia ndani, na tangu hapo hajasema nami isipokuwa kunijulisha chakula kiko tayari.

Saa kumi na moja jioni nilikwenda hospitali. Mwanaima alikuwa macho. Nilimweleza yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwamba gari nililiacha likiwa tayari kwenda na kwamba kijana aliniuliza. Halafu akauliza, "Feisal anajua?" Nikamwambia hajui. Akasema, "Basi utamweleza wewe. Mimi siwezi kumweleza mtoto wangu kwamba aliyenivunja ni kaka yangu." Alipotaka maji nilimnywesha, akanywa.

Sikulala vizuri. Alfajiri, baada ya sala, nilivaa nikatoka.

Sajini ameniuliza kama kuna mtu aliyenilazimisha, kunitisha au kuniahidi kitu ili nibadili maelezo yangu. Hakuna. Ameniuliza kama mpwa wangu Feisal anajua niko hapa. Alinipigia simu mara nne nikiwa njiani. Sikupokea, kwa sababu nilijua ataniambia nirudi, na nilikuwa sina hakika kwamba sitarudi.

Ameniuliza pia kwa nini nilisema sikumbuki, wakati ningeweza kusema ilikuwa ajali na watu wote wangeniamini. Swali hilo nimelifikiri. Sikuogopa kifungo. Wakati ule hata sikukifikiria kifungo. Niliogopa watu kumi na wawili wajue kwamba niliiona taa na sikurudi kuizima kwa sababu walikuwa wananitazama. Sina sababu nyingine kubwa kuliko hiyo, na ningekuwa nayo ningeitaja.

Kwa hiyo nasema: Japheth Chome aliingia garini mwangu kwa amri yangu. Kabla ya kuingia aliuliza swali alilopaswa kuuliza, nami nikampa jibu la uongo. Hakuendesha gari. Gari nililiacha mimi likiwa ndani ya gia na likiwa tayari kwenda. Naomba asipelekwe mahakamani kwa jambo hili. Kama yupo wa kupelekwa, niko hapa.

Haya niliyoyasema ni yale niliyoyaona, niliyoyatenda na niliyoyanyamazia. Nimesomewa kwa lugha ya Kiswahili, ninayoifahamu vyema, nami nimeyathibitisha kuwa ya kweli.

Sahihi: M. T. Mwinga
Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa nami, Sajini Jumwa Nzai, na kusomewa shahidi neno kwa neno. Shahidi alionywa kuhusu haki zake yalipofikia kumhusu yeye mwenyewe, akachagua kuendelea. Maelezo yake ya tarehe 8 yamebaki ndani ya faili pamoja na haya. Nimemjulisha Mkuu wa Kituo, ambaye ataamua afisa wa kuchukua upya maungamo ya shahidi kwa mujibu wa sheria.

Saa nne na dakika kumi na tano jina la Japheth Chome liliondolewa kwenye orodha ya washukiwa wa kupelekwa mahakamani leo. Aliachiliwa na kutakiwa kufika kituoni atakapoitwa kama shahidi. Alipopita mapokezi alimwamkia Bwana Masudi Tsuma shikamoo. Bwana Masudi alisimama, akaitikia, akamwambia mbele yetu sote, kwa sauti ya kusikika, kwamba aliuliza.

Feisal amefika kituoni saa nne na nusu akitaka kujua kwa nini mshukiwa ameachiliwa. Nilikuwa tayari kumweleza. Bwana Masudi ameniomba nisimweleze, na ametoka yeye mwenyewe kwenda kuzungumza naye nje, chini ya uangalizi wa konstebo mmoja.

Sajini Jumwa Nzai
10 Februari 2025